Krediti, Sapu na Bumu: Mwaka wa Masomo Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima kilichokipa jina la Mlimani, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa. Leo kina maelfu ya wanafunzi, na taratibu zake nyingi za masomo na maisha zinatokana na wingi huo.

Masomo hupimwa kwa krediti. Krediti 1 ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za mihadhara, semina, maabara na kujisomea. Mwaka mmoja huwa na krediti 120 hivi, kwa hiyo shahada ya miaka 3 hufikia 360. Baadhi ya kozi ni za lazima, nyingine ni za hiari.

Mhadhara wa kozi inayochangiwa na fani kadhaa hukusanya mamia ya wanafunzi katika kumbi kama Nkrumah na Yombo, ambako nafasi ya kuuliza swali ni finyu. Pengo hilo huzibwa na semina za makundi madogo, na vikundi vya majadiliano ambavyo wanafunzi huviunda wenyewe. Vikundi hivyo hukutana zaidi kwenye vimbweta, yaani meza na viti vya zege vilivyo nje, na majira ya mitihani watu hupiga msuli, yaani husoma kwa bidii, hapo hadi usiku.

Kwa kawaida kazi za muhula, yaani majaribio, insha na mawasilisho, huchukua alama 40, na mtihani wa mwisho 60. Daraja A huanzia alama 70. Aliyekusanya 32 kabla ya mtihani anahitaji 38 tu kulifikia. Aliyekusanya 18 anahitaji 52. Ndiyo maana uzembe wa wiki za mwanzo ni mgumu kufidiwa mwishoni.

Daraja A lina pointi 5, B+ 4, B 3 na C 2. Pointi huzidishwa kwa krediti za kozi, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote kupata wastani, yaani GPA. Mwenye A katika kozi ya krediti 12 na C katika ya krediti 8 hupata GPA ya 3.8; madaraja hayo yakibadilishana kozi, hushuka hadi 3.2. Daraja la kwanza la shahada huanzia 4.4, na la pili la juu huanzia 3.5. Anayepata chini ya alama 40 katika kozi hurudia mtihani, maarufu kama sapu, ambao matokeo yake hayavuki C hata akijibu vizuri kiasi gani. Anayeshindwa zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa "hudisko", yaani huondolewa masomoni.

Malazi ni suala jingine. Mabweni ya Magufuli, yaliyofunguliwa Aprili 2017, yana majengo 20 na nafasi zipatazo 3,800, lakini bado hayatoshi. Wengi hupanga Changanyikeni, Msewe au Sinza, na wengine hubebana: mwenye chumba humlaza mwenzake asiye na nafasi, kinyume na kanuni. Anayekaa mbali hulazimika kuhesabu nauli na foleni kabla ya kipindi cha asubuhi.

Fedha za chakula na malazi kwa wenye mkopo hutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Fedha hizo, zinazoitwa bumu, hutolewa kwa awamu. Zikichelewa, mwanafunzi hula kwa kukopa, na serikali ya wanafunzi, DARUSO, hubeba malalamiko hayo kwa uongozi. Ni deni, si ruzuku: mhitimu akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hukatwa kila mwezi hadi mkopo uishe.