Mwanao akichekwa kwa simu yake, mwambie kisa hiki

MWISHONI mwa Julai 2011, habari moja ilizagaa duniani: eti utafiti umegundua kuwa wanaotumia Internet Explorer wana akili ndogo kuliko wanaotumia vivinjari vingine, yaani programu za kufungulia kurasa za intaneti. Kampuni iliyojiita AptiQuant, ya Canada, ilidai imewapima akili watu zaidi ya 100,000. Vyombo vikubwa vya habari, BBC na CNN vikiwamo, viliitangaza.

Siku chache baadaye uongo ukabainika. Tovuti ya kampuni hiyo ilikuwa imefunguliwa mwezi huohuo, na picha za wafanyakazi wake zilichukuliwa kwa kampuni nyingine ya Ufaransa. Hakuna mtu aliyepimwa. Aliyetunga uongo huo alikuwa mtengeneza tovuti aliyechoshwa na Internet Explorer 6, programu ya mwaka 2001 iliyokuwa ikimsumbua kazini.

Kwa nini watu waliamini haraka? Kwa sababu walishazoea kuwacheka watumiaji wa programu hiyo. Hawakujiuliza kuwa wengi hawakuichagua: waliikuta kwenye kompyuta zenye Windows, na maofisini haikuwa rahisi kuiacha kwa kuwa mifumo ya kazi ilitengenezwa iendane nayo.

Kicheko hicho kipo hata miongoni mwa watoto wetu. Anayetumia simu ya bei nafuu au Opera Mini huweza kuitwa mshamba. Kumbe Opera Mini huubana ukurasa kabla haujafika kwenye simu, ili bando lisiishe haraka. Anayeitumia huenda anajua kubana matumizi kuliko anayemcheka.

Mzazi, usilipuuze jambo hili. Mtoto anayeambiwa kila siku kuwa yuko nyuma anaweza kuanza kuamini, akaogopa hata kuuliza swali darasani. Mweleze kuwa simu huonyesha uwezo wa mfuko, si uwezo wa kichwa. Na kama mwanao ndiye anayecheka wenzake, muulize: “Umejuaje kuwa hana akili?” Kisha angalia na maneno yako mwenyewe, maana watoto huiga wanayoyasikia nyumbani.

Mfundishe pia kuuliza maswali matatu kabla ya kusambaza habari ya “utafiti umegundua”: Nani kasema? Anajulikana tangu lini? Nani mwingine amethibitisha?

Lililo muhimu kuhusu kivinjari ni usalama. Microsoft iliistaafisha Internet Explorer Juni 2022, na programu isiyosasishwa huwaachia wezi wa nywila mlango wazi. Leo jioni, chukua simu ya mwanao, mkae pamoja na kuangalia kama kivinjari chake kimesasishwa. Halafu mwache naye aikague ya kwako.