Pauline van den Driessche, mwanahesabu ambaye makala yake moja imetajwa na maelfu ya watafiti

Tarehe 1 Agosti 2018, serikali ya Congo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Wakaaji wa Mangina, Beni na Butembo wanakumbuka ndoo za maji yenye klori, vipima joto barabarani, na mazishi ambayo familia haikuruhusiwa kugusa maiti. Nyuma ya masharti hayo yote kulikuwa swali moja: mgonjwa mmoja anaambukiza watu wangapi?

Kama jibu linapita 1, ugonjwa unaenea. Kama liko chini ya 1, unazimika. Wataalamu wanaita namba hiyo R, na wanaiita R-sifuri ugonjwa unapoingia mahali ambapo hakuna mtu mwenye kinga. Namna ya kuitafuta kwa hesabu ndiyo iliyofanya jina la Pauline van den Driessche, profesa wa Chuo Kikuu cha Victoria, Canada, lijulikane duniani kote.

Alizaliwa mwaka wa 1941, akasoma Imperial College ya London, kisha akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Wales mwaka wa 1964. Mwaka uliofuata alifika Victoria, na akafundisha pale mpaka alipostaafu mwaka wa 2006. Ni miaka 41 katika chuo kimoja. Alifanya utafiti kuhusu matrisi, yaani namba zilizopangwa katika mistari na safu, na pia kuhusu magonjwa ya kuambukiza.

Njia hizo mbili zilikutana mwaka wa 2002. Yeye na mwenzake James Watmough walitoa makala ya kurasa 20 katika jarida la Mathematical Biosciences. Alikuwa karibu na umri wa miaka 60. Wazo la msingi lilikuwa limeanzishwa na Odo Diekmann na wenzake mwaka wa 1990, lakini makala hii iliwapa watafiti utaratibu wazi wa kufuata, hatua kwa hatua.

Tuchukue mfano wa Ebola. Mtu anaweza kuambukizwa nyumbani, katika hospitali, ao kwenye mazishi. Mtafiti anapanga jedwali linaloonyesha mgonjwa wa kila kundi anazaa wagonjwa wangapi wapya katika makundi mengine. Kutoka jedwali hilo anapata namba moja, ambayo ni R-sifuri. Akibadilisha jambo moja, kwa mfano mazishi yakiwa salama, anaona mara moja kama namba inashuka chini ya 1.

Congo yenyewe imekuwa katika hesabu za namna hii. Mwaka wa 2004, Gerardo Chowell na wenzake walichunguza mlipuko wa Kikwit wa 1995 wakapata R-sifuri ya 1.83. Miaka mitatu baadaye, timu nyingine ilitenganisha nyumba, hospitali na mazishi, ikapata karibu 2.7 kwa mlipuko uleule. Tofauti hiyo si uongo wa mtu yeyote. Namba inategemea maswali uliyoweka ndani ya hesabu, na habari zilizokusanywa vijijini.

Leo makala ya 2002 imetajwa na maelfu ya makala nyingine: za malaria, kipindupindu, ukimwi, na tangu 2020 za Covid-19. Kwa mtafiti, kutajwa na wenzake ni kama ushahidi kwamba kazi yake inatumika. Ndiyo sababu vyuo vikuu vingi vinaangalia pia kipimo kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka wa 2005. Mwenye kipimo cha 20 ana makala 20 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 20.

Kipimo hicho kina upungufu wake. Makala iliyotajwa mara 20 na ile iliyotajwa maelfu ya mara zote zinahesabika kama moja moja. Tena, mwingine anataja kazi ili aipinge, na mwingine anaitaja kwa sababu kila mtu anaitaja.

Heshima nyingine zilimfikia Van den Driessche kwa njia tofauti. Mwaka wa 2007 Shirika la Hesabu la Canada lilimpa tuzo la Krieger–Nelson, ambalo hupewa wanawake watafiti wa hesabu.

Mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri ulitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Kila namba iliyoingia katika hesabu ilitoka kwa mtu aliyepita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alimgusa mgonjwa, tarehe gani, wapi. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari: daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Cameroun aliyetumwa na OMS, aliuawa Butembo tarehe 19 Aprili 2019, ndani ya hospitali, akiwa kazini.

Hesabu ya Victoria inahitaji daftari hizo. Bila jina na tarehe vilivyoandikwa sawasawa kule Mangina ao Butembo, jedwali linabaki tupu, hata kama makala inayolieleza imetajwa mara ngapi.