Core i5 mbili mwisho wa reli: ipi inunuliwe?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na uamuzi huo uliofanywa Marekani unagusa moja kwa moja biashara ya kompyuta za mezani mkoani Kigoma. Nyingi ya kompyuta zinazouzwa huku ni za mtumba. Zimetumika maofisini ng'ambo, zikauzwa kwa mafungu, zikaingia Dar es Salaam na kushushwa Kariakoo, kisha zikapakiwa hadi mwisho wa reli. Ofisi za Ulaya zinapoachana na mashine zisizokubali Windows 11, mashine hizo hizo ndizo zinazotafuta mnunuzi Mwanga, Gungu, Mwandiga na Ujiji.

Mnunuzi wa kawaida ni mwenye steshenari. Anachapa barua na mitihani ya shule, anatoa kopi, anasafisha picha za pasipoti, anawajazia vijana maombi ya mkopo wa HESLB na ya kazi kwenye Ajira Portal, anamsaidia mfanyabiashara kusajili jina BRELA au kuwasilisha ritani TRA. Tangu 2023 zabuni za serikali nazo zinapitia mfumo wa NeST, na mzabuni asiye na kompyuta hukimbilia kwake. Wapo pia mawakala wa forodha wanaoshughulikia mizigo ya Bujumbura, Uvira na Kalemie, wapo walimu wakuu wa sekondari, na wapo vijana wa studio za harusi na muziki. Wote wakiingia dukani wataonyeshwa masanduku mawili yenye kibandiko kile kile cha Core i5, yenye bei tofauti, na si kila muuzaji anaweza kueleza kwa nini.

Tuyafungue. Sanduku la kwanza, tuseme Dell OptiPlex 7040 au HP EliteDesk 800 G2, lina prosesa ya Core i5-6500 iliyotoka mwaka 2015. Ina viini vinne, kasi yake ya kuanzia ni gigahezi 3.2, na kazi ikizidi hupanda hadi 3.6. La pili, OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4, lina Core i5-8500 ya mwaka 2018, yenye viini sita, inayoanzia gigahezi 3.0 na kupanda hadi 4.1. Zote ni za Intel, na zote zimepimwa kwa wati 65.

Hapo tayari pana mtego. Anayesoma 3.2 kwenye sanduku moja na 3.0 kwenye jingine ataondoka na la zamani akiamini amepata lenye kasi zaidi. Kasi ya kuanzia haisemi mengi. Kinachomhusu mnunuzi ni kiini kinapanda hadi wapi, na viini vingapi vinafanya kazi kwa pamoja. Kwenye kipimo cha PassMark, ambacho hukusanya matokeo ya watumiaji duniani kote, i5-6500 huzunguka alama 5,600 na i5-8500 huzunguka 9,500, yaani ziada ya karibu asilimia 70. Lakini ukipima kiini kimoja kimoja, tofauti hushuka hadi chini ya robo.

Namba hizo mbili zikisomwa pamoja zinaeleza karibu kila kitu. Kuchapa barua, kufungua jedwali dogo la mauzo au kutuma waraka kwenye printa ni kazi ya kiini kimoja, na anayekaa mbele ya skrini hataona tofauti ya maana kati ya mashine hizi. Kijana wa studio anayekata video ya harusi ya saa tatu yuko mahali pengine kabisa. Programu yake hutumia viini vyote, na kazi inayomaliza saa nzima kwenye i5-6500 inaweza kwisha kwa dakika 35 hivi kwenye i5-8500. Tena simu nyingi za kisasa hurekodi kwa mfumo wa HEVC, na baadhi hutumia biti 10 za rangi. Sehemu ya picha ya i5-8500 inaufungua mfumo huo yenyewe, wakati ile ya i5-6500 inaishia biti 8 na kuutupia mzigo uliobaki kwenye viini. Hapo ndipo video inapokwamakwama na mteja kuambiwa arudi kesho.

Mwenye steshenari yuko katikati. Ukurasa mmoja wa maombi haumsumbui, ila msimu wa mikopo na udahili ukifika hufungua kurasa kumi na tano kwa wakati mmoja, skana inasoma vyeti, WhatsApp inapokea picha, printa inasubiri. Viini viwili vya ziada hapo vinaonekana kwa macho.

Kuhusu umeme, wengi huuliza kama mashine mpya itakula LUKU zaidi. Swali hilo lina historia hapa, maana kwa miaka mingi mkoa ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, ukitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, hadi gridi ilipoanza kuingia mwaka 2022. Jibu ni kwamba hakuna tofauti ya kukutia hofu. Mashine ya aina hii ikitumia wastani wa wati 60 kwa saa kumi, inakula uniti 0.6, na kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti ni kama shilingi 214 kwa siku. Tena i5-8500 humaliza kazi nzito mapema na kurudi kupumzika. Kwa aliye mwambao wa kusini anayetegemea sola na betri, nashauri atafute mashine ndogo zenye prosesa inayoishia na herufi T, kama i5-8500T. Hiyo imepimwa kwa wati 35, na kasi yake ni ndogo kiasi.

Tofauti kubwa kuliko zote iko kwenye umri uliobaki. Kwa kompyuta za ofisi za Intel Core, orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11 inaanzia kizazi cha nane. Kwenye namba za tarakimu nne kama hizi, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi, kwa hiyo 8500 imo na 6500 haimo. Fundi mjanja anaweza kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye kizazi cha sita, nayo itawaka, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba masasisho yataendelea kuja. Naomba wenye maduka walichukulie hili kwa uzito. Kompyuta ya steshenari inachomekwa flashi za watu wengi kila siku, na ndani yake hupita namba za NIDA, vyeti na nywila za wateja. Mashine isiyopokea tena marekebisho ya usalama inahatarisha mali za watu wengine.

Asiyeweza kumudu i5-8500 hajafungiwa mlango. I5-6500 yenye Linux Mint au Ubuntu na LibreOffice ni mashine halali, inapata masasisho bila malipo, na inatosha kwa darasa la kompyuta la sekondari na kwa kuchapa. Aiongezee RAM ifike angalau GB 8 na atoe diski ya kuzunguka aweke SSD. Nasisitiza SSD kwa sababu ndiyo inayoleta nafuu kubwa kuliko kubadilisha prosesa. I5-8500 yenye diski ya zamani itakuchosha kusubiri kuliko i5-6500 yenye SSD.

Kuna njia ya mkato inayopoteza fedha za watu. Prosesa zote mbili hukaa kwenye soketi yenye pini 1151, na mtu akishajua hilo hununua i5-8500 peke yake akidhani ataipachika kwenye OptiPlex 7040. Itakaa, ila mashine haitawaka. Intel ilibadilisha mpangilio wa umeme kwenye pini hizo, na kizazi cha nane kinataka bodi za mfululizo wa 300.

Kibandiko cha Core i7 nacho kinawapofusha wengi. Core i7-2600 ya mwaka 2011, yenye wati 95, bado inauzwa kwa jina la i7, na Core i3-8100 ya mwaka 2017 inaizidi kwa vipimo, inatumia umeme kidogo, na inakubali Windows 11. Ukitajiwa i3, i5 au i7 bila namba inayofuata, bado hujaambiwa unauziwa nini.

Hukumu yangu ni hii. Studio, wakala wa forodha na steshenari yenye wateja wengi wanunue i5-8500, hata kama itawalazimu kusubiri mwezi mmoja zaidi. I5-6500 inunuliwe kwa Linux tu, na isizidi nusu ya bei ya mwenzake, kwa sababu Windows yake imeshaisha muda.

Kabla ya kutoa fedha, washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, na usome jina kamili la prosesa. Halafu mtake muuzaji aliandike jina hilo kwenye risiti, pamoja na ukubwa wa RAM na aina ya diski. Walimu wakuu na maofisa ununuzi wa halmashauri nao waache kuagiza “kompyuta Core i5” na badala yake waandike namba yote kwenye hati ya ununuzi. Muuzaji mwaminifu wa Mwanga au Ujiji hatapoteza chochote kwa kuiandika, na asiyekubali kuiandika msinunue kwake.