Mto Ulio Karibu na Mlango Wako

Ni mara ngapi umevuka kijito asubuhi bila kukitazama? Unashuka na bidoni mkononi, macho yako yanaangalia utelezi wa njia, mawazo yako yamekwisha kufika sokoni. Unajaza, unajitwika, unapanda. Kesho ni vile vile. Maji hayo umeyachota mara elfu moja, lakini labda hujayaona hata siku moja.

Kesho shuka mapema kidogo. Usiende na nguo za kufua. Kaa juu ya jiwe muda wa kuchemsha chai, usiseme neno. Utasikia kwanza maji, kisha ndege, kisha matone yanayoanguka kutoka majani ingawa mvua ilikwisha usiku. Vuta pumzi polepole kwa pua, itoe polepole zaidi kwa kinywa. Fanya hivyo mara kumi. Mtu aliyelala vibaya, au aliyegombana na mwenzake jana, ataona mabega yake yanashuka. Hii si dawa ya muganga wala si uvivu. Ni kupumzisha mwili kama unavyopumzisha shamba.

Wewe unayekaa Mubi una sababu ya kuhitaji pumziko hilo. Mji wako uko kwenye barabara ya kutoka Walikale kwenda Kisangani, na haraka ya mji huo inajulikana mbali. Tangu mwaka 2002, watu walipoanza kuchimba bati katika kilima cha Bisie, wapagazi wengi walitembea msituni siku mbili, kila mmoja na gunia la kilo 50 mgongoni, mpaka Njingala. Ndege ziliteremka juu ya barabara pale Kilambo kuchukua madini. Fedha ziliingia na kutoka. Halafu mwezi wa Machi 2025 vita vilifika Walikale na karibu na Mubi, na watu wakakimbilia msituni na watoto wao. Mwenye kupita katika mambo hayo anaweza kubaki na kichwa kinachouma, na usingizi usiokuja, na moyo unaopiga kwa nguvu akisikia mlango umegongwa. Usione haya kumwambia muganga habari hizo. Lakini pia usisahau jiwe lile la mtoni.

Wazee wetu walijua jambo hili kabla ya sisi kuandika vitabu. Wanyanga wa Walikale wana hadithi ya Mwindo, ambayo mzee mmoja msimulizi aliisema kwa siku nyingi mwaka 1956, nayo ikachapwa kuwa kitabu mwaka 1969 kwa kazi ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Unaikumbuka. Baba yake hakutaka mtoto mwanamume, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Maji hayakumwua. Yalimbeba mpaka kwa shangazi yake, Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka mkubwa mwenye vilindi vya mto. Na baadaye, Mwindo alipokuwa mkubwa na mwenye majivuno, alichukuliwa juu mbinguni, huko akapigwa na baridi na mvua na jua, akaonywa asiwaue ovyo wanyama. Shujaa yule alifundishwa adabu na Mvua! Sijui mwalimu mwingine aliye mkali kuliko huyo katika nchi yetu, ambako mvua hainyamazi muda mrefu.

Basi tukitaka kujifunza kwa maji, tuyatazame vizuri. Na jambo la kwanza la kujifunza ni gumu: maji mazuri kwa macho si lazima yawe maji safi.

Sikiliza habari ya London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka 1854. Kolera iliingia katika mtaa mmoja, na watu zaidi ya 600 wakafa. Waganga wengi wa wakati ule walidhani ugonjwa huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Muganga John Snow hakusadiki. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza: Mnachota maji wapi? Akachora ramani, akatia alama kwa kila aliyekufa, na alama zile zikazunguka pampu moja ya barabara ya Broad Street. Lakini kulikuwa na mjane mmoja aliyekufa mbali kabisa na pale. Kwa nini? Snow akaenda kuuliza. Mjane yule aliwahi kukaa karibu na pampu ile, na aliyapenda mno maji yake kwa utamu, hata akawa akiletewa chupa kila siku kwa gari. Aliyanywa, akafa. Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ukaondolewa. Baadaye ilijulikana kwamba shimo la uchafu la nyumba jirani lilikuwa linavuja ndani ya kisima.

Tuna huzuni yetu wenyewe pia. Mwaka 1994, katika kambi za wakimbizi karibu na Goma, kolera na kuhara damu viliua watu makumi ya maelfu kwa majuma machache tu. Ziwa Kivu lilikuwa mbele yao, buluu na zuri sana.

Kwa hiyo ukikaa mtoni na kufurahi, furahi kwa macho na masikio, lakini usifurahi kwa kinywa mpaka umechemsha. Maji yakisha kuruka na kutoa mapovu makubwa, yaache dakika moja. Kama unakaa kwenye milima mirefu ya Masisi, yaache dakika tatu. Yafunike, yapoe katika chombo kile kile. Wengine hutia maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi na kuilaza juani saa sita. Njia hiyo ni ya kweli, lakini inataka jua, na ikiwa mawingu yamefunika inataka siku mbili. Katika Walikale mimi ningetumaini kuni zaidi kuliko jua.

Sasa nakupa kazi, nayo ni tamu. Siku isiyo ya soko, chukua watoto wako, mfuate kijito chenu kuelekea kinakotoka. Tembeeni saa nzima. Kutembea huko kwaimarisha miguu na moyo, na watoto watakuuliza majina ya miti ambayo umeyasahau. Lakini fungua macho. Nani anaoga juu ya mahali unapochota? Mbuzi wanashuka wapi kunywa? Choo cha jirani kiko umbali gani? Je, kuna watu wanaoosha madini, maji yakawa ya rangi ya udongo? Mihogo inalowekwa wapi? Kuloweka mihogo michungu siku tatu au nne ni kwema sana, kwa sababu maji huondoa sumu iliyo ndani yake, na wenye kuharakisha kazi hiyo wakati wa njaa wameonekana kupooza miguu ghafula, wasipone tena. Lakini kiloweko kiwe chini ya mahali pa kuchotea, si juu. Mahali pa kuoga vile vile. Mkipatana hivyo ninyi wenye kijito kimoja, mmefanya kazi kubwa bila kutoa faranga hata moja.

Mkiendelea kupanda, mara nyingi mtafika mahali ambapo maji yanatoka ardhini kimya kimya, baridi, chini ya mizizi. Hapo ndipo penye utajiri wenu. Kaeni tena. Mvua iliyonyesha ilishuka taratibu katika udongo wa msitu, ikachujwa na mchanga, na sasa inatoka safi. Uchafu huingia baadaye, kwa miguu yetu na bidoni zetu. Chemchemi kama hiyo yafaa kujengwa. Chimbeni mfuate maji mpaka yanapotokea katika udongo mgumu au mwamba. Jazeni mawe na kokoto zilizooshwa, jengeni ukuta mdogo wa mawe na saruji mbele yake, na katika ukuta tieni mpira wa chuma au wa plastiki ambao chini yake bidoni itasimama. Juu ya kokoto wekeni udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa, ili maji ya mvua yasiingie. Upande wa mlima chimbeni mfereji wa kugeuza maji ya mvua, na zungusheni ua, mbuzi wasipande. Choo kisiwe karibu kuliko mita 30, na kisiwe upande wa juu. Na miti iliyo juu ya chemchemi, msiikate. Nasema tena, msiikate, kwa kuwa ni hiyo inayoweka kivuli na kushika udongo, na nimesikia watu wengi wakishangaa kwamba chemchemi ya baba zao imekauka, huku wamekalia kisiki.

Kuna maji mengine ya kutazamwa kwa akili. Msitu ulipofyekwa na mashimo kuchimbwa, jua hufika chini na madimbwi madogo hukaa. Mbu wa malaria anapenda madimbwi hayo yenye jua kuliko kijito chenye kivuli. Toka yai mpaka mbu anayeruka hupita kama juma moja au mawili tu. Basi mashimo yaliyo karibu na nyumba yafukieni, au yapasueni maji yaende, na kila mtu alale ndani ya chandarua.

Na maji yaendayo kasi, yale yanayoruka juu ya mawe na kutupendeza kuliko yote, yana mgeni wake. Ni inzi mdogo mweusi, mwenye mgongo ulioinuka kama nundu. Watoto wake huishi tu katika maji mepesi yenye hewa nyingi. Yeye huuma mchana, na huingiza mnyoo mwembamba ambao baada ya miaka huleta mwasho, vinundu chini ya ngozi, na mwisho upofu. Masisi na Walikale ni katika nchi zinazojua ugonjwa huu. Dawa yake, Mectizan, hutolewa bure na mtengenezaji wake tangu mwaka 1987, nasi huimeza mara moja kwa mwaka wagawaji wa kijiji wapitapo. Je, wajua dawa hii ilitoka wapi? Katika udongo! Mjapani Satoshi Omura alizoea kuokota udongo kidogo po pote alipokwenda, na katika udongo mmoja wa Japani alipata kijidudu ambacho kinatoa kitu kinachoua minyoo. Mwaka 2015 yeye na William Campbell walipewa zawadi ya Nobel. Mtu anayekanyaga udongo kila siku na mtu anayeutazama hawaendi njia moja.

Pamoja na uangalifu wote, siku moja mtoto atahara. Usimnyime maji ukidhani yanaongeza kuhara. Hilo ni kosa linaloua. Maji ndiyo yanayomtoka, na maji ndiyo ya kumrudishia. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia sukari vijiko vidogo sita vilivyosawazishwa, na chumvi nusu ya kijiko kidogo, koroga. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo kila mara, akitapika ngoja dakika kumi uanze tena, na maziwa ya mama yasikome. Mwaka 1971, wakimbizi wa Bangladesh walipokuwa wakifa kwa kolera katika kambi za Uhindi, dawa ya mishipa ikaisha. Muganga Dilip Mahalanabis akaamuru wapewe maji ya chumvi na sukari kwa kinywa, na ndugu zao ndio wakawanywesha. Kwanza walikuwa wanakufa 30 katika 100. Baada ya hapo walikufa chini ya 4. Lakini mtoto akiwa amelegea, macho yameingia ndani, au kuhara ni kama maji ya mchele, mnyweshe njiani huku ukimleta hospitali, wala usingoje asubuhi.

Na mara akiisha kulala katika kitanda cha hospitali, neno moja juu ya dirisha. Katika Marekani, Roger Ulrich alitazama habari za wagonjwa waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja kati ya mwaka 1972 na 1981. Wengine walikuwa na dirisha linaloelekea miti, wengine dirisha linaloelekea ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka hospitali mapema zaidi, na waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Kazi ile aliitoa mwaka 1984, na tangu hapo wajengaji wa hospitali wameifikiri sana.

Huku kwetu miti ni mingi, lakini mara nyingi nakuta jamaa za mgonjwa wametundika kitenge dirishani na kumwacha gizani mchana kutwa. Ukija kumwuguza ndugu yako, toa kitenge hicho. Mgeuze kitanda kama yuko tayari kugeuzwa, aone mlima na mawingu yake. Ikinyesha, mwache asikie. Saa kumi na mbili jioni funga dirisha, ushushe chandarua.