Mwanajeshi Bandia Huiba Nini?

Msimu wa kusajili makuruti ukikaribia, vijana wa Trans Nzoia na Bungoma huanza kukimbia alfajiri. Utawakuta kando ya barabara ya Kitale kwenda Webuye, pumzi juu, wengine pekupeku, kila mmoja akiamini kwamba mwaka huu uwanja utamkubali. Msimu huohuo hujitokeza mtu mwingine ambaye hakimbii. Amenyoa kijeshi, amevaa fulana ya kijani, na kwenye simu ana picha zake akiwa na sare. Anajitambulisha kuwa sajini, au kapteni aliye likizoni. Anamjua mkubwa fulani huko Nairobi. Nafasi zimesalia mbili tu, na kila moja ina bei: shilingi laki mbili, laki tatu, wakati mwingine zaidi.

Huyu ndiye mwanajeshi bandia tunayemjua zaidi upande huu wa nchi, na ni tofauti na yule anayezungumziwa sana ng'ambo. Nchini Marekani, hasira ya maveterani imewalenga hasa wanaojipachika nishani wasizotunukiwa. Bunge la huko lilipitisha sheria mwaka 2006 kuwaadhibu. Mwaka 2012, katika kesi ya Xavier Alvarez, aliyedai uongo kwamba alitunukiwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa, Mahakama ya Juu iliitupa sheria hiyo kwa sababu ilivuka mipaka ya uhuru wa kusema. Mwaka uliofuata ikaja sheria mpya yenye sharti moja kubwa: mwongo awe amekusudia kujipatia pesa, mali au manufaa mengine. Wamarekani walifika kwa njia ndefu mahali ambapo sisi tunaanzia. Hapa kwetu cheo cha uongo huwa na bei tangu siku ya kwanza.

Ili kuelewa anavyofanya kazi, sharti kwanza tuelewe anachokiiga. Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, hutangaza usajili hadharani, magazetini na kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi, likitaja tarehe na uwanja wa kila eneo. Kijana anafika mwenyewe na kitambulisho na vyeti halisi. Anapimwa kimo na uzito, anakimbizwa, anakaguliwa meno, macho na nyayo. Anayechaguliwa hupewa barua ya kuripoti katika Chuo cha Mafunzo ya Makuruti, Moi Barracks, Eldoret. Kila tangazo hurudia kwamba usajili ni bure. Katika utaratibu huo hakuna mahali ambapo afisa aliye likizoni anaweza kukuuzia nafasi sebuleni kwako.

Tapeli anajua kwamba mzazi hajawahi kuiona barua halisi. Kwa hiyo anatengeneza yake, yenye nembo, mhuri na saini. Kijana anaagwa kwa maombi na nyama. Anasafiri kilomita zipatazo 70 kutoka Kitale hadi Eldoret na sanduku jipya, na langoni anagundua kwamba jina lake halimo. Wengine wamekamatwa hapohapo na kuhojiwa kama washukiwa wa ughushi. Nyuma yake kuna ng'ombe waliouzwa, robo eka iliyowekwa rehani, au mkopo wa chama ambao mama atalipa kwa miaka.

Kwa nini basi matapeli hawa hawashtakiwi kwa wingi? Chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka 3. Kifungu cha 105 kinamhusu anayejifanya mtumishi wa umma. Kuvaa sare ya vikosi bila idhini kumekatazwa pia. Sheria ipo. Kinachokosekana ni mlalamikaji. Mzazi aliyetoa laki tatu alidhani anahonga, na Sheria ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016 inamwona anayetoa hongo kuwa mkosaji sawa na anayepokea. Akienda kituoni kumshtaki tapeli, anaogopa kujishtaki mwenyewe. Tapeli anaijua hofu hiyo na anaitegemea. Aliyetapeliwa ananyamaza kwa aibu na kwa woga, na mwaka unaofuata mtu yuleyule anahamia wadi jirani, au anavuka kutoka Kiminini kwenda Kimilili, na kuanza upya.

Waliolitumikia jeshi kweli wanamwonaje mtu huyu? Nimezungumza na wastaafu wa Trans Nzoia na wa Bungoma, na nimegundua kwamba hawakasirishwi sana na majigambo. Mzee aliyelala kwenye mahandaki hahitaji kushindana na mtu anayesimulia vita baa. Kinachowauma ni kwamba jina la jeshi, ambalo wao walililipia, limegeuzwa chombo cha kuwavua wanyonge. Mstaafu anayeheshimika kijijini hujikuta akiulizwa na jirani kwa nini hamsaidii mtoto wake kuingia, ilhali yule mwingine anasaidia. Akisema kwamba nafasi haziuzwi, anaonekana mchoyo. Tapeli anakuwa mkarimu, na mwaminifu anakuwa mbaya. Kisha uongo unapofichuka, lawama inamwangukia kila aliyewahi kuvaa sare.

Eneo hili lina sababu maalumu ya kuumia hivyo. Mnamo 15 Januari 2016 Al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia. Ibada ya kuwakumbuka waliouawa ilifanyika Moi Barracks, Eldoret, tarehe 27 mwezi huohuo, na marais wa Nigeria na Somalia wakahudhuria pamoja na rais wetu. Mwaka mmoja baadaye, siku ileile ya 27 Januari, kambi ya Kulbiyow nayo ikavamiwa. Lango ambalo wazazi wa makuruti halali huwasindikiza watoto wao ndilo lango ambalo familia za marehemu zilipitia kwenda kuomboleza. Anayeuza barua bandia ya kuingia lango hilo anauza kitu ambacho wengine wamekilipia kwa kuzika.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Katika jambo hili njia inaweza kurefuka sana, kwa sababu tunamsaidia mwongo kuirefusha. Mwezi Januari 2013 nchi ilishangaa kusikia habari za Joshua Waiganjo, aliyekamatwa kwa tuhuma za kujifanya kamishna msaidizi wa polisi katika Bonde la Ufa. Kilichowashtua Wakenya zaidi ya sare yake ni madai kwamba maafisa halisi walikuwa wakishirikiana naye kama mwenzao, hata katika safari ya Baragoi baada ya polisi zaidi ya 40 kuuawa huko Novemba 2012. Kama tuhuma hizo zilimkuta mtu katikati ya maafisa wenyewe, mkulima wa Cheptais ana kinga gani?

Nimeitaja Cheptais kwa makusudi. Katika Mlima Elgon, sare ina kumbukumbu nzito. Wanamgambo wa Sabaot Land Defence Force (SLDF) waliwatesa na kuwaua wakazi kuanzia mwaka 2006 katika mgogoro wa ardhi ya Chebyuk. Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi katika Operesheni Okoa Maisha, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika malalamiko mengi ya mateso na watu kutoweka mikononi mwa vikosi vya serikali. Kwa mtu aliyepitia miaka hiyo, si rahisi kumuuliza aliyevaa magwanda, "Wewe ni nani na umetumwa na nani?" Ukimya huo ni mtaji wa mwanajeshi bandia. Heshima humfungulia mlango kwa mmoja, hofu humfungulia kwa mwingine.

Tumtambueje, basi? Wengi hudhani kipimo ni hadithi za vita. Kipimo hicho ni dhaifu, kwa sababu hadithi za vita ziko sinema na kwenye simu. Uanajeshi ni maisha ya pamoja na ya kumbukumbu zilizoandikwa. Mwanajeshi ana namba ya utumishi ambayo haisahau. Ana mwaka alioingia na wenzake waliofunzwa naye. Ana kikosi, ana sajini aliyemnyanyasa akiwa kuruti, ana hati za kuondoka jeshini. Kwa hiyo swali zuri kuliko yote ni hili: ni nani hapa karibu aliyetumika nawe? Kati ya Kitale, Webuye na Bungoma wastaafu ni wengi, na wanajuana. Mwongo anaweza kukariri jina la kambi. Hawezi kukuletea watu wanaomkumbuka.

Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu karatasi pekee imewahi kuwadhulumu askari wa kweli wa nchi hii. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, maelfu ya wanaume kutoka magharibi ya Kenya walichukuliwa kuwa wapagazi, wakabeba risasi na chakula hadi Tanganyika, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa bila majina yao kuandikwa. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au huenda hawakukumbukwa kabisa. Vita vilipokwisha, mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa makazi waliokuwa wanajeshi uligawa mashamba ya Trans Nzoia kwa Wazungu. Mmoja wa walowezi wa hapo, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alianzisha mwaka 1926 hazina iliyozaa Makumbusho ya Kitale ya leo. Cheo chake kinajulikana hadi sasa. Wapagazi waliorudi kwenye vijiji vya karibu hawakupata shamba wala jina.

Haikuishia hapo. Wakenya zaidi ya 90,000 walitumika katika Vita vya Pili, wengine hadi Burma katika kikosi cha King's African Rifles (KAR), na wengi walirudi na kumbukumbu nyingi kuliko karatasi. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982, Jeshi la Anga lilivunjwa. Wanaanga wengi walifungwa au kufukuzwa, na baadhi yao walihangaika mahakamani kwa miaka mingi wakidai fidia ya mateso. Mtu wa aina hiyo akikataa kuonyesha cheti, au akichanganya tarehe, haina maana kwamba anadanganya. Huenda ana jeraha ambalo hataki liguswe. Kwa hiyo umati usimvamie mtu kwa kumshuku tu. Kazi ya kuthibitisha ni ya wenzake na ya taasisi, na pale penye wizi, ni ya polisi.

Uthibitisho huo una umuhimu mpya sasa. Sheria ya Maveterani wa Jeshi ya mwaka 2022 imewatambua wastaafu na wategemezi wao kuwa kundi linalostahili kutunzwa. Hilo ni jambo jema lililochelewa. Lakini jina la mstaafu likianza kuleta manufaa, watatokea wa kulidai bila haki, na kila shilingi watakayopata itatoka kwa mjane au mlemavu wa kweli. Ndiyo maana hata yule anayejigamba mazishini bila kuomba hata senti si wa kupuuzwa. Leo anaitwa afande na kupewa kiti cha mbele. Kesho anafanywa mweka hazina wa harambee, na keshokutwa mzazi anamfuata kwa siri na bahasha. Cheo cha bure ndicho kinachomwandalia soko.

Tunaweza kulifunga soko hilo bila sheria mpya. Kabla ya kila usajili, machifu wa Trans Nzoia na Bungoma wawaalike wastaafu wanaotambulika kwenye baraza, waeleze mbele ya wazazi jinsi mtu anavyoingia jeshini na waonyeshe barua halisi ilivyo. Waendesha mashtaka nao wamwekee wazi mzazi aliyetapeliwa kwamba anaweza kutoa ushahidi dhidi ya tapeli bila kutangulizwa kizimbani yeye, maana bila ushahidi wake mwizi ataendelea kuvuna. Na sisi majirani tuache kumpa mtu cheo kwa sababu ya kunyoa na kutembea kwake. Tuwaulize waliotumika naye. Mwanajeshi wa kweli hataudhika kwa swali hilo, kwa kuwa miaka yake yote jeshini aliishi kwa kujitambulisha kila alipofika langoni.