Kivinjari Kipi Kinafaa kwa Kompyuta Ndogo za Chumba cha Kusomea?

Wapo wanaokiita kisakuzi, wapo wanaokiita kiperuzi. Sisi tunashika kivinjari, kwa kuwa kuvinjari, yaani kuzunguka huku na huku kwa ulinzi, ni kitenzi kilichokuwamo katika lugha kabla ya kompyuta. Wenye hoja tofauti watuandikie. Hapa tuna suala la matumizi.

Kompyuta za bodi moja aina ya Raspberry Pi zilianza kuuzwa Uingereza mwezi Februari 2012. Zilizopo katika chumba chetu cha kusomea ni za toleo la 3, lililotoka 2016, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 tu. Kumbukumbu hiyo imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki. Kununua kompyuta mpya ni kutumia fedha ambazo tungependa zinunue kamusi, na wanafunzi wasio na kompyuta zao hawana pengine pa kuandalia kazi za muhula. Kwa hiyo uchaguzi wa kivinjari si jambo dogo.

Uzito unatoka wapi? Ukurasa wa siku hizi hauji na maandishi peke yake. Unakuja pia na programu za JavaScript ambazo kivinjari lazima kiziendeshe. Aidha, Chromium huzitenga tovuti mbalimbali ili moja isiingilie nyingine. Ni usalama mzuri, lakini kila tovuti hula sehemu yake ya kumbukumbu. Kumbukumbu ikijaa, mfumo huanza kuhamishia vitu kwenye kadi ndogo ya kuhifadhia, ambayo ni ya polepole mno. Hapo ndipo kipanya kinapoganda na mwanafunzi kudhani mtandao umekatika.

Dillo, kilichoanza 1999, hakiendeshi JavaScript kabisa. Hufunguka mara moja, hata kwenye bodi za mwanzo za megabaiti 256. Maendeleo yake yalilala kwa miaka mingi yakafufuliwa, na toleo la 3.1.0 likatoka 2024. NetSurf ni cha 2002. Hupanga kurasa vizuri zaidi, ingawa JavaScript yake ni kidogo. Lynx, kongwe cha 1992 kutoka Chuo Kikuu cha Kansas, huonyesha maandishi matupu bila picha. Tusikidharau. Kiswahili cha hati ya Kilatini hakina alama juu ya herufi, nacho husomeka humo bila taabu.

Wikipedia ya Kiswahili, kwa mfano, husomeka bila JavaScript, japo katika Dillo mpangilio huvurugika kidogo. Mtu anayetafuta makala ya kusoma na kunakili atatosheka. Lakini anayetaka kuandika waraka mtandaoni, kutazama video au kutuma kazi kupitia tovuti ya kozi hatafika mbali. Vivyo hivyo wanaosoma tenzi kwa hati ya Kiarabu: herufi huunganishwa na kwenda kulia kushoto, na kwa hilo tunaviamini vivinjari vikubwa tu.

Ushauri wetu ni kuweka viwili: NetSurf au Dillo kwa kusoma, na Firefox au Chromium kwa kazi zinazohitaji nywila, kikiwa kimesasishwa na kufunguliwa ukurasa mmoja kwa wakati. Raspberry Pi OS huja na hivyo viwili vikubwa tangu Oktoba 2023. Kwa siku ambazo kifurushi cha data kimekwisha, tunaongeza Kiwix, programu inayosoma nakala ya Wikipedia iliyohifadhiwa kwenye kadi yenyewe.

Walimu watakaotumia chumba muhula huu tunawaomba watuletee mapema anwani za tovuti tatu wanazozitumia zaidi darasani, tuzijaribu kwenye vivinjari vyepesi kabla wanafunzi hawajaingia.