Je, Wajua? Uhandisi wa Riyadh na Jeddah

Kijana wa Tanga au Mombasa akisema amepata minha ya Saudia, yaani ufadhili wa masomo, mtaa mzima unajua anakwenda Madina kusoma dini. Leo Madina tuipishe. Tuangalie wanaoomba uhandisi Riyadh na Jeddah, ambako masomo ni bure kwa aliyepata ufadhili, na kwa sababu hiyo hiyo foleni ni ndefu.

Je, wajua kwamba Mtanzania wa miaka ya 1960 aliyetaka shahada ya uhandisi alivuka mpaka? Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, kiligawa kazi: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Dar es Salaam ilianza kufundisha wahandisi wake 1973. Kwa hiyo mzee anayemshangaa mjukuu kwa kuomba chuo cha ugenini akumbushwe taratibu.

Wajua kwamba Chuo Kikuu cha Mfalme Saud, kilichoko Riyadh, ndicho chuo kikuu cha kwanza Saudi Arabia? Kilianzishwa 1957 na kufungua milango kwa wanafunzi 21 tu. Chuo chake cha uhandisi kilifuata 1962 kwa ushirikiano na UNESCO. Kwa muda kiliitwa Chuo Kikuu cha Riyadh, hadi jina la Mfalme Saud liliporudishwa 1982. Ukikutana na cheti cha zamani chenye jina la Chuo Kikuu cha Riyadh, si cha kughushi.

Cha Jeddah, Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, hakikuanzishwa na serikali. Wafanyabiashara na watu mashuhuri wa Hijaz walichanga fedha zao 1967. Darasa la kwanza lilikuwa na wavulana 68 na wasichana 30, na serikali ikakichukua miaka michache baadaye.

Je, wajua kwamba kila hujaji wetu aliyeshuka Jeddah na kupita chini ya yale mahema meupe amepita katika kazi ya mhandisi aliyewahi kuomba ufadhili wa nje kama wewe? Fazlur Rahman Khan alizaliwa Dhaka 1929. Mwaka 1952 alipata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na ndani ya miaka mitatu akatoka na shahada mbili za uzamili na moja ya uzamivu. Ndiye aliyebuni mihimili ya Sears Tower ya Chicago, jengo refu kuliko yote duniani lilipokamilika. Jengo la mahujaji la Jeddah, lililofunguliwa 1981, lina mapaa 210 ya kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Teflon, kila moja mraba wa mita 45 kwa 45. Jua linazuiwa, hewa ya moto inatokea juu kwenye tundu, upepo unapita pembeni. Khan alifariki Jeddah hapo hapo, Machi 1982, akiwa na miaka 52. Mara nyingi tunapita chini ya paa lake tukitafuta mabegi.

Na hili wengi hawalijui: minha ni za aina mbili. Minha ya nje ni ya anayeomba akiwa kwao, Kigoma au Lamu. Minha ya ndani ni ya mgeni ambaye tayari anaishi Saudia kwa iqama halali, yaani kibali cha ukaazi, mfano mtoto wa Mkenya anayefanya kazi Riyadh. Masharti na nafasi hazifanani. Mzazi aliyeko kule asimwambie mwanawe ajaze fomu ya nje kwa kuwa tu binamu yake wa Tanga alijaza hiyo.

Umri? Kawaida ya vyuo vya serikali ni miaka 17 hadi 25 kwa shahada ya kwanza, 30 kwa uzamili na 35 kwa uzamivu. Ukishapita, umepita, hata uwe na A za kumwaga.

Je, wajua kinachoangusha waombaji wetu wengi? Si Fizikia. Ni jina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis, cha Kidato cha Nne Hamisi, na pasipoti imeongeza jina la babu ambalo shuleni halikuwahi kutumika. Kwetu hao ni mtu mmoja, kila mtu anamjua. Kwa karani wa Riyadh anayelinganisha herufi kwenye kompyuta ni watu watatu, na hana sababu ya kuamini vinginevyo. Dawa yake ni hati ya kiapo au kusahihisha jina mapema, na kazi hiyo ifanyike kabla tangazo la nafasi halijatoka. Kisha ipo safari ya mihuri: cheti kithibitishwe na mamlaka ya elimu, kipite Wizara ya Mambo ya Nje, kifike ubalozi wa Saudia, na mara nyingi kiwe na tafsiri ya Kiarabu. Ongeza cheti cha polisi cha tabia njema, pamoja na alama za vidole, na ripoti ya daktari. Mwenye kuanza baada ya matokeo ya Kidato cha Sita kutoka Julai anakimbizana na muhula unaoanza kwa kawaida mwishoni mwa Agosti. Mbio hizo sijaona wengi wakizishinda.

Saa za Riyadh, Jeddah, Nairobi na Dar es Salaam ni zile zile. Dirisha la maombi likifungwa kule saa sita usiku, limefungwa na huku. Ila wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi tangu 2013, kwa hiyo barua pepe uliyoituma Ijumaa asubuhi inangojea Jumapili.

Wajua kwamba 2022 Saudia iliidhinisha viza ya elimu isiyohitaji kafili, yaani mdhamini? Kwa nchi ambayo mgeni amezoea kuingia kwa mgongo wa mtu, hayo ni mabadiliko makubwa. Vyuo vingi sasa vinapokea maombi kupitia lango moja la serikali, Study in Saudi. Anayekuomba laki mbili ili “akuingizie jina” anauza kisichokuwa chake.

Posho ya mwezi, mukafaa, kwa mwanafunzi wa sayansi na uhandisi kwa miaka mingi imekuwa takriban riyali 900 hadi 1,000. Tangu 1986 riyali 3.75 ni dola moja, basi piga hesabu mwenyewe. Pamoja nayo huja makazi, matibabu, tiketi ya ndege na chakula cha bei nafuu. Inatosha kuishi kwa adabu. Haitoshi kujengea nyumba, na mwanafunzi asiwaahidi watu wa nyumbani zaidi ya hapo.

KAUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, ni habari nyingine. Iko Thuwal, kijiji cha wavuvi kilomita kama 80 kaskazini mwa Jeddah, na ilifunguliwa 23 Septemba 2009. Haina shahada ya kwanza. Ni uzamili na uzamivu tu. Anayepokelewa husomeshwa bure na kulipwa posho inayoanzia dola 20,000 kwa mwaka. Kiingereza ndicho lugha yake, na tangu siku ya kwanza wanaume na wanawake wamesoma darasa moja, jambo lililokuwa zito sana wakati ule. Mhandisi mwenye shahada nzuri ya Dar es Salaam au Nairobi, kama unataka maoni yangu, aanzie hapa.

Na mabinti? Effat ya Jeddah, iliyoanzishwa 1999, ndiyo iliyotangulia kufundisha wanawake uhandisi nchini humo, kuanzia 2006, ikisaidiwa na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Hiyo ni miaka 12 kabla mwanamke wa Saudia hajaruhusiwa kuendesha gari. Ni chuo binafsi, karo ipo.

Usichague chuo kwa orodha za ubora peke yake. Mwaka 2011 jarida la Science liliandika jinsi vyuo vya Riyadh na Jeddah vilivyowalipa watafiti maarufu wa nje ili waorodheshe vyuo hivyo kwenye makala zao. Tafuta kitu kigumu zaidi: kama programu unayoitaka ina ithibati ya ABET, bodi ya Marekani inayokagua mafunzo ya uhandisi. Programu kadhaa za vyuo vyote viwili vya serikali zinayo.

Na usafiri? Kituo cha mwisho cha reli nyekundu ya metro ya Riyadh, iliyoanza kazi Desemba 2024, kinaitwa King Saud University. Utashuka chuoni.

Na kabla hujapanda ndege, Mtanzania aulize TCU, tume ya vyuo vikuu, kuhusu cheti chao cha kutokuwa na pingamizi. Mkenya naye aulize EBK, bodi ya wahandisi, kama shahada anayoifuata itakubalika atakaporudi kuomba usajili wa uhandisi. Kwa Tanzania wa kuulizwa hilo ni ERB. Jibu uombe kwa maandishi.